KIVUNJAJUNGU: UHAKIKI WA ASILI YA NOMINO AMBATANI

Miongoni mwa nomino ambatani za Kiswahili zilizoundwa kwa kitenzi na yambwa yake, ni chache zilizofasiriwa kwa haraka kama kivunjajungu. Mdudu anayeitwa kwa jina hili anafahamika kote pwani: ni wa kijani, au wa rangi ya majani makavu, ana kichwa cha pembetatu, kifua kirefu chembamba, na miguu ya mbele yenye miiba, ambayo huikunja na kuiinua mbele yake anapovizia windo. Wasomi hawakuwahi kubishana juu ya mdudu mwenyewe. Ubishi unastahili kuwa juu ya jina, maana maelezo yaliyozoeleka ya asili yake yamepita kutoka kamusi moja hadi nyingine bila kuulizwa maswali ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu angetakiwa kuyauliza.

Maelezo yenyewe ni haya: mtu akimgusa mdudu huyu, basi chombo kitakachofuata kuingia mikononi mwake kitavunjika, kwa hiyo mdudu akaitwa kivunjajungu. Hivyo ndivyo yanavyosema mapokeo ya kamusi za Kiswahili kwa Kiingereza, ambayo kilele chake ni kazi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939 juu ya msingi uliowekwa na A. C. Madan mwaka 1903. Jambo linaloitwa itikadi hupewa kazi ya kueleza jina, na baada ya hapo uchunguzi hufungwa.

Makala haya yanadhamiria kuufungua tena, na mahali panapofaa kusimama wakati wa kuufungua ni Tiwi. Hapo, katika pwani ya Kwale, kusini ya Likoni na kaskazini ya Mto Mwachema, Kiswahili na Chidigo vimeishi nyumba moja kwa muda mrefu, wala si rahisi kwa msemaji kusema ni wapi lugha moja inakoma na nyingine inaanza. Lugha mbili zenye mizizi mingi ya pamoja lakini sauti tofauti humpa mchunguzi mizani ambayo mji wa lugha moja haumpi. Neno lililozaliwa upande mmoja likavukia wa pili huacha alama za nyayo.

Kabla ya kufika kwenye sauti, umbo la neno lichunguzwe. Kivunjajungu ni cha jamii kubwa: kifunguamimba, kitindamimba, kionjamchuzi, kifaurongo, kipandauso, kifunguamlango, na katika miaka ya karibu zaidi kinasasauti na kipazasauti. Kanuni ya jamii hii ni thabiti. Kiambishi cha ngeli hutangulia, kitenzi hufuata kikiwa na irabu -a mwishoni, kisha huja kijalizo ambacho hakiwezi kuachwa. Bi. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwisha kuonyesha kwamba nomino ya mtendaji yenye -a huhitaji neno la kuikamilisha: husemwa mchunga mbuzi, lakini mbuzi wakiondolewa hubaki mchungaji, si mchunga. Kwa hiyo kivunjajungu si neno kivunja lililoongezewa jungu kama pambo. Ni sentensi nzima iliyokunjwa ikavishwa kiambishi, na ukiikunjua hupati ila maana moja: hiki huvunja jungu.

Kwa Kiingereza mwambatano wa namna hii ni nadra. Lugha hiyo hupenda kutanguliza nomino na kukimaliza kitenzi kwa kiambishi cha mtendaji. Maneno kama pickpocket na scarecrow ni kikundi kidogo, na wanahistoria wengi wa lugha hiyo wanaona kwamba Kifaransa kilichangia kukikuza katika karne za kati. Yamkini ugeni huu wa umbo ulichangia haraka ya waandishi wa kamusi. Kwao neno la aina hii lilionekana kama kitendawili kinachodai kisa cha kukifumbua, ilhali kwa Mswahili ni umbo la kila siku, na halidai kisa zaidi ya yanavyodai maneno mtoto na mti.

Sasa itazamwe jamii hiyo kwa upande wa maana. Mtoto wa kwanza huitwa kifunguamimba kwa sababu ndiye aliyeifungua mimba. Mmea wa kifaurongo hufa kwa uongo kweli: ukiguswa, majani yake hujikunja na kulegea, na baada ya muda kidogo huinuka tena. Kionjamchuzi ni kile kishungi cha nywele chini ya mdomo wa chini, ambacho mwenyewe akinywa mchuzi hutangulia kuuonja. Na yeyote aliyeketi sinia moja na mwenye kishungi hicho hahitaji kamusi. Katika mifano hii jina hutaja jambo ambalo kitu chenyewe hulifanya mbele ya macho, au huonekana kama kinalifanya, na mara nyingine kwa mzaha. Hakuna hata moja linalohitaji imani ya ghaibu ili lieleweke.

Kwa maelezo ya kamusi, kivunjajungu kingekuwa pekee katika jamii yake. Anayegusa ni mtu, anayebeba chombo ni mtu, anayekiachia chombo kianguke ni mtu. Mdudu amebaki mbali, sababu ya sababu. Mtu anaweza kudai kwamba kama jina lingetokana na imani hiyo lingeundwa kwa kauli ya kusababisha, likawa kivunjishajungu. Hoja hiyo peke yake haitoshi. Kiswahili huiruhusu sababu ikae mahali pa mtenda bila kauli hiyo: husemwa kwamba pombe huvunja nyumba, na hakuna anayefikiri kwamba chupa ilishika nyundo. Hata hivyo umbo na jamii yake vinaelekea upande mmoja, na mzigo wa ushahidi uko juu ya anayetaka kulitoa neno hili katika kawaida ya wenzake.

Tena, imani yenyewe inatia shaka kwa uhaba wake. Ukiondoa tendo la kugusa, haisemi neno lolote ambalo jina halijalisema. Visa vingi vya asili ya maneno huwa hivyo: jina hutangulia, wasemaji wakasahau lilikotoka, kisha wakatunga kisa kwa kulikunjua jina lenyewe. Kisa cha namna hiyo hudumu kwa sababu kina kazi. Mtoto aliyetumwa kuteka maji na mtungi kichwani, akakawia njiani kuchezea wadudu, ana haki ya kuonywa. Na mtungi ukivunjika, kuna wa kulaumiwa zaidi ya yeye. Imani iko, wala makala haya hayaikanushi. Yanayokanushwa ni kwamba imani ndiyo mzazi wa jina, wakati dalili zote zinaonyesha kuwa ni mtoto wake.

Basi mdudu huyu anafanya nini mbele ya macho hata aitwe mvunja vyombo? Jibu linaweza kutafutwa katika mikono yake, yaani ile miguu ya mbele. Hapa majina ya lugha nyingine yana msaada, si kwa kuwa Kiswahili kimekopa kwao, bali kwa kuwa yote yanatazama kiungo kilekile. Wayunani walimwita mantis, yaani mtabiri. Linnaeus, alipompanga katika orodha yake ya mwaka 1758, alimpa mdudu wa Ulaya jina la religiosa, mcha Mungu. Mreno humwita louva-a-deus, msifu-Mungu, na hilo ni jina la kitenzi na yambwa sawasawa na la Kiswahili. Mwarabu humwita farasi wa Mtume. Wreno na Waarabu walikaa katika pwani hii karne nyingi, na majina yao hayakushika. Ukingoni mwa Mto Mwachema umesimama msikiti wa kale wa Kongo, na watu wa sehemu hizi wanajua vizuri sura ya mikono iliyoinuliwa kwa dua. Wasemaji wa Kiswahili waliitazama mikono ileile iliyoinuliwa, na hawakuona ibada. Waliona mtu aliyeshika kitu kizito akiwa tayari kukipiga chini, au ambaye kitu hicho kimekwisha kumponyoka na mikono imebaki hewani.

Ufasiri huu wa mikono ni wa kukisia, na usidaiwe zaidi ya hapo. Lakini jambo moja ndani yake halihitaji kukisiwa, nalo linagusa uadilifu wa taaluma. Mdudu wa Ulaya hasali, wala hatabiri, wala hasifu, anasubiri nzi. Hata hivyo ni nadra kuona jina la Kiingereza au la Kilatini likielezwa kwa neno itikadi. Huambiwa kwamba ni mfano wa sura, sitiari nzuri ya watu wenye macho ya kishairi. Jina la Kiswahili, lenye sitiari ya jinsi hiyo hiyo, linapelekwa moja kwa moja katika mlango wa ushirikina. Hapana budi kusema wazi kwamba tofauti hiyo haikutokana na maneno yenyewe. Ilitokana na matarajio ya waliokuwa wakiyaandika.

Sasa lifikiriwe neno jungu, ambalo maelezo ya kamusi hulipita kana kwamba ni sawa na chombo chochote. Shina lake ni -ungu, shina la kale lililoenea mno katika lugha za Kibantu: Wamijikenda wana nyungu, Wakikuyu wana nyũngũ. Kiswahili kimelivisha shina hili nguo tatu. Likivaa ki- huwa chungu. Likiwa katika ngeli ya N huwa nyungu, umbo linalosikika zaidi kaskazini mwa pwani, na ambalo mwaka 2020 lilirudi kwa kishindo vinywani mwa Watanzania waliojifukiza kwa mvuke wa majani. Na likivaa kiambishi cha ukubwa huwa jungu. Jungu si chombo chochote. Ni chungu kilichokuzwa, kile cha kupikia watu wengi, kile ambacho methali husema kuwa kikiwa kikuu hakikosi ukoko. Kama jina lilitaka tu kutaja ajali ya mtoto na chombo, mtungi ungefaa zaidi, au chungu.

Hapa ndipo moyo wa neno ulipo. Upande mmoja kuna ki-, kiambishi cha vitu, lakini pia cha udogo: kitoto, kijiti, kijumba. Upande wa pili kuna jungu, lenye ukubwa ndani yake. Katikati kuna kitenzi cha nguvu. Kidogo kile, chembamba kama ujiti, kimeinua mikono mbele ya jungu la karamu kana kwamba kitalivunja. Jina ni utani, na utani wake umejengwa kwa sarufi: ngeli ya udogo imepambanishwa na umbo la ukubwa ndani ya neno moja. Hata sauti zinasaidia, maana nj ya -vunja inaitikiwa papo hapo na j ya jungu, na vunjachungu lingepoteza mlio huo. Waliokiita kionjamchuzi kile kishungi cha nywele walikuwa na kipaji hichohicho, na haielekei kwamba kipaji hicho kiliwaacha walipofika kwa mdudu.

Ufasiri huu ukikubaliwa, ki- haiwezi kuchukuliwa kama ya hiari. Lakini neno lina maumbo mawili, kivunjajungu na vunjajungu, na mara nyingi la pili huchukuliwa kuwa ni la kwanza lililofupishwa tu. Kwa umbo, vunjajungu ni ndugu wa zimamoto, pimamaji na chemshabongo, maneno yasiyo na kiambishi ambayo hutaja kazi bila kumpima mfanyaji. Ki- ikidondoka, udogo hudondoka nayo, na utani hufa. Kinachobaki ni neno zito lisilo na sababu, na neno lisilo na sababu huita kisa.

Mizani ya Tiwi sasa inaweza kutumiwa. Chidigo, kama jina lake linavyojitangaza, kina chi- mahali pa ki-. Mahali pa ji- au j- ya Kiswahili mbele ya irabu, mara nyingi kina dz-: jina ni dzina, jicho ni dzitso, jua ni dzuwa. Palipo na nj mara nyingi pana ndz: njaa ni ndzala, njoo ni ndzo. Na chungu cha kupikia ni nyungu. Kwa hiyo, kama nomino hii ingeundwa vinywani mwa Wadigo, au kama ingekuwa urithi wa pamoja wa tangu kabla lugha hizi hazijaachana, ingetazamiwa kubeba dz pale Kiswahili kinapobeba j, au kuwa na nyungu katika umbo lake la kawaida. Ikitamkwa Tiwi na -jungu yake kamili, imetoka kwa Waswahili, mzima mzima, kama kitu kilichonunuliwa sokoni.

Tahadhari moja inahitajika. Kiambishi si shahidi mzuri katika kesi hii. Msemaji wa lugha mbili hubadili ki- kuwa chi- kama anavyobadili kanzu, naye neno la kigeni akalivika vazi la nyumbani asubuhi hiyohiyo alipolipata. Sauti za ndani ya shina ndizo ngumu kubadili, na ndizo za kuaminiwa. Kitindamimba ni mfano mwema wa jambo hili. Mswahili wa Unguja husema chinja, wa Mombasa tinda. Lakini Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja, kinamwita mtoto wa mwisho kitindamimba, kwa t na nd. Neno lilisanifishwa, likavuka bahari, likaingia vitabuni, na bado kitenzi kilicho ndani yake kinasema lugha ya kwao. Nomino ambatani huhifadhi kitenzi kama kaburi linavyohifadhi shanga. Kazi za H. E. Lambert juu ya Kivumba mwaka 1957 na Chichifundi mwaka 1958 zilionyesha jinsi pwani ya kusini ya Tiwi ilivyojaa tofauti za sauti kama hizi katika masafa mafupi, na bado nomino ambatani za pwani hiyo zinangoja mtu wa kuzikusanya kwa ajili ya sauti zake.

Na isidhaniwe kwamba Wadigo walikosa neno kwa kukosa vyungu. Wilaya ya Kwale ndiyo iliyowapa wanaakiolojia jina la aina nzima ya ufinyanzi: Robert Soper alichapisha mwaka 1967 taarifa ya vigae alivyovifukua hapo, vya karne za mwanzo za kalenda ya Masihi, na tangu hapo vigae vya namna hiyo vilivyopatikana kwingine Afrika Mashariki vimelinganishwa na vya Kwale. Vyungu vimevunjika katika vilima hivyo kwa karibu miaka elfu mbili. Suala si chungu. Suala ni utani, na utani una lugha yake.

Imebaki karamu. Katika siku za mwisho za Shaabani, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, watu wa pwani huvunja jungu: hula, hualikana, na siku hizi wengi huenda ufukweni na vyakula vyao. Kwa kuwa kamusi za mapokeo ya Johnson hupanga vizawa chini ya kitenzi, mdudu na karamu vimejikuta jirani chini ya -vunja, na msomaji huondoka akiamini kwamba ni ndugu. Wengine wamejaribu hata kuwaunganisha kwa kudai kwamba mdudu huonekana zaidi majira ya karamu. Dai hilo halisimami hata kwa siku moja, kwani Shaabani huzunguka majira yote ya mwaka, huja wakati wa kaskazi na huja wakati wa kusi.

Ndugu wa kweli wa kuvunja jungu ni kuvunja ungo. Msichana aliyebaleghe huambiwa amevunja ungo, ingawa ungo ni kitu cha kusukwa na si cha kuvunjika kama udongo. Katika semi hizi mbili chombo cha jikoni huvunjwa ili kuonyesha kwamba hali moja imekwisha na nyingine imeingia: utoto umekwisha, au miezi ya kula mchana imekwisha. Ni vitenzi vya kupita mpaka. Jungu la karamu ni jungu kweli, la kulisha watu wengi, wala hakuna udogo unaopambanishwa nalo. Ndiyo maana usemi huu haukuwahi kuhitaji ki-. Kwa upande wa wakati pia wanatofautiana: jina la karamu halina maana mahali pasipo na saumu, na Uislamu ulienea kwa wingi miongoni mwa Wadigo katika mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, jina la mdudu halingoji dini yoyote.

Kipimo cha wingi kinathibitisha mgawanyo huo. Mdudu wakiwa wengi ni vivunjajungu: kiambishi hubadilika, jungu halibadiliki, maana kila mmoja wao analikabili jungu lilelile la utani. Karamu haina wingi. Ukisema kwamba majirani walivunja majungu yao, umeharibu usemi, na msikilizaji atafikiri vyombo vimevunjika kweli au, akiwa Mtanzania, kwamba fitina imefichuliwa. Kwani majungu huko yamekwisha kutekwa na siasa za ofisini, nayo hupikwa zaidi ya kuvunjwa.

Kwa mtunga kamusi, basi, vidahizo ni viwili, si kimoja chenye matawi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, kwa kuzipa nomino nafasi zake katika mfuatano wa alfabeti badala ya kuziweka chini ya vitenzi, ilikwisha kuondoa nusu ya tatizo bila kulitaja. Nusu iliyobaki ni ya maelezo. Chini ya kivunjajungu iandikwe ngeli yake na wingi wake, udogo wa ki- uonyeshwe ukikabiliana na ukubwa wa jungu, na imani ya kuvunja vyombo itajwe baada ya hapo, kama jambo linalosemwa juu ya mdudu. Vunjajungu la mdudu lielekezwe huko. Kuvunja jungu kwa karamu kukae na kuvunja ungo.